Damu ya Pelenaise

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote nyumbani kwa Losaline, huko Mount Druitt, magharibi ya Sydney. Shimo la kupikia lilikuwa limefukiwa uani tangu asubuhi, nguruwe na viazi vikuu vikiiva juu ya mawe ya moto, na wanaume walikuwa wamezunguka bakuli la kava, kinywaji cha mizizi cha kwao, wakibishania raga. Sateki, mumewe, alikaa katikati yao. Mwaka mmoja na miezi miwili nyuma mtu huyo alikuwa mifupa mitupu yenye macho. Sasa alikuwa na kitambi na kelele, na Losaline alimshukuru Mungu kila alipopita na sahani akamsikia anacheka.

Kepu, binamu yake Sateki, mdomo wake haukuwa na breki. Alianza kisa cha mjane na fundi bomba, kisa ambacho mwisho wake wote waliujua na hakuna anayeweza kuuandika. Kabla hajaufikia, damu ilimtoka Sateki puani. Haikuchuruzika, ilimwagika, ikajaza kiganja chake na kuingia kwenye bakuli.

"Damu ya dada yako hiyo," Kepu akasema. "Imeona aibu, imeamua kuondoka zake."

Wakaangua kicheko, maana wote walielewa. Kwa Watonga, watu wa visiwa vya Tonga katika Pasifiki, kaka na dada hawakai pamoja panapotaniwa mambo ya chumbani. Utani ukianza, mmoja huinuka akatoka. Hawatazami televisheni pamoja, na kijana akishabalehe halali tena nyumba moja na dada yake. Dada ndiye mwenye cheo, kaka ndiye wa kuinamisha macho. Na damu yote iliyokuwa mwilini mwa Sateki ilikuwa ya dada yake.

Losaline hakucheka. Pelenaise, huyo dada, alikuwa amezikwa kisiwani Vavau, huko Tonga, wiki tatu zilizopita, naye Losaline alijua kitu ambacho wale wanaume hawakukijua.

Sateki alipougua saratani ya damu, madaktari walisema njia iliyobaki ni kuua uboho wake wote, kisha kumpandikizia seli shina za ndugu yake, zile mbegu ambazo damu yote ya mwili huota kutokana nazo. Walipimwa ndugu sita. Aliyelingana naye alikuwa Pelenaise, dada mkubwa, mwanamke wa miaka hamsini aliyeishi peke yake Vavau, hana mume wala mtoto. Alipanda ndege siku iliyofuata. Siku tano alichomwa sindano za kuzitoa seli kwenye mifupa ziingie kwenye damu, na mifupa ikamuuma hata akatembea kwa kushika kuta. Kaka yake alilazwa chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yao, na hawakuonana. Dada haingii chumba alimolala kaka yake, wala hazungumzii mwili wa kaka. Kila neno lilipitia kwa Losaline.

Siku ya sita Pelenaise alikaa kwenye mashine kutwa nzima, damu ikitoka mkono huu na kurudi mkono ule. Hapo ndipo alipoomba.

"Wifi, nenda kamuulize kaka yangu. Namtaka Meliame, nimlee mimi."

Meliame alikuwa mtoto wao wa pekee, binti wa miaka mitano. Ombi lenyewe halikuwa la ajabu. Shangazi ndiye huwapa watoto wa kaka yake majina, na akimtaka mmoja wao amlee haambiwi hapana. Sateki asingemkatalia hata kama angekuwa mzima wa afya. Hilo Losaline alilijua, na ndilo lililomtia wazimu. Akiufikisha ujumbe, mtoto ameondoka. Akirudi na jibu la kukataa, huenda mwanamke yule akachomoa sindano, akaondoka na uhai wa Sateki mishipani mwake.

Akatoka mpaka kwenye korido. Akajikingia chai kwenye mashine, akainywa kikombe kizima, taratibu, amesimama. Kisha akarudi.

"Amekubali," akasema.

Pelenaise akafumba macho, machozi ya furaha yakamtoka. Sateki hakuambiwa kitu, si siku ile wala siku nyingine.

Baada ya hapo vikafuata visingizio. Pasipoti ya mtoto bado. Shule imeanza. Mtoto ana kikohozi, ngoja apone. Pelenaise alituma picha ya kitanda kidogo alichomchongeshea, chandarua kimeshafungwa. Akatuma nyingine ya gauni la kanisani. Losaline alizifuta kwenye simu kabla Sateki hajaziona. Mwaka ukapita, na simu iliyofuata kutoka Vavau ikawa ya msiba. Moyo, walisema. Alikutwa amekaa kwenye kitanda kile kidogo.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Losaline ilikuwa imemfikisha mbali, hata akaanza kuamini kwamba imeisha salama. Alilia msibani kama wengine. Kilio chake nusu kilikuwa cha kweli.

Tangu Jumamosi ile ya kava, Sateki hakuweza kulala ndani ya nyumba. Akijilaza, pumzi inambana. Akihamia gereji, anapumua vizuri. Alisema ni joto, na ulikuwa mwezi wa Julai, watu wanatembea na makoti. Kisha ngozi ikaanza kumwasha, ikawa nyekundu, ikabambuka viganjani. Vidonda vikajaa mdomoni. Daktari Prentice, mama mpole aliyemtibu tangu mwanzo, alieleza kwamba jambo hilo linafahamika vizuri: seli za dada zimemwona kaka kuwa mgeni, zinamshambulia.

"Zimekaa naye mwaka mzima kwa amani," Losaline akanong'ona. "Kwa nini sasa?"

Daktari alijibu kwamba mara nyingine huwa hivyo, akaongeza dawa. Dawa hazikusaidia. Sateki alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Siku moja mchana Losaline alimkuta mezani, chakula kimepoa. Mkono wake uliinua kijiko, ukakirudisha. Ukainua, ukarudisha.

"Ni kama kuna mkubwa anakula kwanza," Sateki akasema kwa aibu, "nami nangoja amalize."

Losaline alikwenda bafuni akajifungia. Alikuwa anamwona mumewe anakufa mara ya pili, na safari hii alimjua anayemuua, na alijua kwamba muuaji ana haki.

Aliyemkosea shangazi wa mwanawe anajua linalompasa. Jumapili, watu wakiwa kanisani, Losaline alijifunga kiunoni mkeka mkuukuu uliochanika, vazi la anayejishusha, akaingia gereji. Sateki alikuwa amelala kwenye godoro, dawa zimemlevya. Losaline akakaa chini kwenye saruji, akainamisha kichwa. Hakusema na mumewe. Alisema na damu.

"Wifi, nilikudanganya. Kaka yako hakuulizwa. Mtoto ni wako. Mchukue, ila umwache baba yake."

Mshipa wa shingoni mwa Sateki ulikuwa ukipiga. Ukasimama. Losaline akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ukaanza tena, taratibu kuliko kwanza, na Losaline akaanguka kifudifudi akilia.

Asubuhi ngozi ilikuwa imekauka. Kufikia Ijumaa Sateki alikuwa amerudi kulala ndani, vidonda vimefunga, anadai supu. Kepu alikuja na kisa kichafu kuliko kile cha kwanza, Sateki akacheka mpaka akashika mbavu, na hakuna hata tone lililotoka. Losaline aliimba jikoni. Maskini, alidhani amesamehewa.

Kila mwezi hospitali walipima ni kiasi gani cha damu ya Sateki kilikuwa cha dada yake. Siku zote jibu lilikuwa mia kwa mia. Mwezi ule lilikuwa arobaini. Wiki iliyofuata, kumi na mbili. Saratani haikuwa imerudi. Uboho wake mwenyewe haukurudi pia, kwa kuwa ulikwisha kuuawa.

"Inapungua tu," Daktari Prentice akasema. "Kama tangi linalovuja, na mimi tundu silioni."

Alihitajika mtoaji mwingine, upesi. Ndugu waliobaki hawakulingana. Mtoto hulingana na baba yake nusu, na nusu siku hizi inatosha, kwa hiyo Meliame, ambaye sasa alikuwa na miaka sita, alitolewa damu ya kupimwa. Alikaa wima kwenye kiti, hakulia wala hakuuliza. Nesi alimsifu kwamba ana adabu za mtu mzima.

Siku ya tatu daktari alimwita Losaline peke yake, akafunga mlango.

"Mtoto huyu amewahi kupandikizwa uboho?"

"Hapana."

"Popote? Labda Tonga?"

"Hajalazwa hata siku moja tangu azaliwe."

Daktari alivuta faili la majibu. Wamepima mara tatu, akasema, damu imetolewa upya kila mara, na wapimaji tofauti. Ute wa shavuni ni wa Meliame, binti wa Sateki na Losaline, hilo halina shaka. Damu si yake. Damu ni ya yule mtoaji wa kwanza, yote, mia kwa mia. Anaamini kuna kosa mahali fulani na atalitafuta. Lakini alipolisema hilo hakumtazama Losaline machoni.

Losaline aliogopa. Chini ya hofu kulikuwa na kitu kibaya kuliko hofu, nacho kilikuwa tumaini. Damu iliyomponya Sateki bado ipo. Iko nyumbani kwake, inakula mezani pake. Inaweza kutolewa tena ikarudishwa. Aliomba ifanyike kesho yake. Akaambiwa taratibu zitaharakishwa, lakini la kwanza ni mtoto kuulizwa, akubali mwenyewe.

Walimleta Jumanne asubuhi. Mtoto aliyekuwa akilala kifuani kwa baba yake tangu uchanga alitembea kwenye korido mpaka mlangoni, akasimama.

"Njoo, mwanangu," Sateki akaita kutoka kitandani. Alinyoosha mkono. Ulikuwa mweupe.

Meliame hakuingia. Alirudi nyuma hatua moja, akageuzia uso ukutani, asione ndani ya chumba ambamo mwanamume yule amelala.

Nesi alichuchumaa, akamuuliza kwa upole kama angependa kumsaidia baba. Mtoto aligeuka. Alimtazama Losaline, na macho yale hayakuwa na utoto wowote.

"Wifi," akasema kwa Kitonga, polepole. "Mwambie kaka nilishatoa mara moja."

Nesi aliuliza amesema nini. Losaline hakumsikia. Miguu ilimpeleka ndani, akaufunga mlango nyuma yake.

"Anasemaje?" Sateki akauliza.

Angeweza kumwambia. Ingembidi aanzie kwenye korido na kile kikombe cha chai, apitie picha alizozifuta, amalizie gereji, na mumewe afe akimjua alivyo. Alikaa kitandani. Akamfuta midomo kwa pamba yenye maji.

"Amekubali," akasema.

Sateki akafumba macho, machozi ya furaha yakamtoka. Alikufa Alhamisi, akimngoja mtoto aingie.

Msibani, watoto wa marehemu hukaa nyuma pamoja na wapishi, nywele zao zimekatwa. Mahali pa heshima, kichwani pa maiti, ni pa dada. Wazee walikuwa bado wanashauriana nani akae badala ya Pelenaise. Meliame alipita katikati yao, akakaa pale, akakunja miguu upande mmoja, akaweka mikono mapajani. Shangazi mmoja wa mbali aliinuka na mkasi kwenda kumwondoa. Alipofika akamtazama usoni, akarudi kukaa. Kufikia adhuhuri wageni walikuwa wanaweka mikeka na vitambaa, zawadi za msiba, mbele ya mtoto wa miaka sita, na ukiwauliza leo aliyeanza ni nani, kila mmoja anamtaja mwingine.

Mwezi mmoja baadaye barua ilifika kutoka hospitali. Ilikuwa fomu ya kawaida, ile wanayowatumia watoaji wote kila mwaka. Juu ilikuwa na jina la Pelenaise, kwa anwani ya nyumba ile aliyoiacha hospitalini. Swali la kwanza liliuliza kama mtoaji bado yu hai, na pembeni visanduku viwili, cha ndiyo na cha hapana. Losaline alikaa na kalamu mpaka wino ukakauka kwenye ncha. Uani, Meliame alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo wima, anapaka nywele mafuta. Tangu siku ya korido hakuwa amemwita mama tena. Losaline akaikunja fomu, akaitia kwenye droo ya jikoni.

Wiki mbili baada ya hapo, msichana mwenye sauti changamfu alipiga simu kutoka ofisi ya watoaji. Alitaka kumshukuru Bi Pelenaise kwa kurudisha fomu yake mapema, ikiwa imejazwa vizuri na kutiwa saini, na kumuuliza kama wanaweza kumwita tena akitokea mgonjwa mwingine.

Losaline alikata simu, akaifungua droo. Fomu ilikuwa mle mle alimoiweka, imekunjwa, haina hata nukta ya wino.