Kivuli cha Zambarau

Kila Jumamosi, vyombo vya mchana vikishaoshwa na sakafu ikishapigwa deki, Sindano alibaki na kazi moja aliyoichukia kuliko kusugua masufuria: kumsindikiza bibi yake kwenye darasa la kuchora. Sindano halikuwa jina lake la shuleni. Nyumbani walimwita hivyo kwa sababu alikuwa mwembamba, na kwa sababu ulimi wake ulichoma. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliona aibu kupita madukani amebeba mfuko wa brashi na rangi, huku bibi wa miaka sitini na minane akitembea mbele yake kama anayekwenda kuapishwa.

Bibi alikuwa mfuaji wa hospitali. Kwa miaka thelathini na moja alifua shuka nyeupe, akazianika nyeupe, akazikunja nyeupe. Alipostaafu, macho yake yakaingia mtoto wa jicho, na dunia nzima ikawa kama anaitazama kupitia glasi ya chai. Mwaka uliopita alipasuliwa. Bandeji ilipofunguliwa, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa ndoo ya buluu ya mfagiaji wa wodi. Aliikodolea macho mpaka mfagiaji akamuuliza kama kuna mdudu ndani. Wiki iliyofuata akajiandikisha kwenye darasa la kuchora la watu wazima, katika ukumbi ulio juu ya maktaba.

Baba yake Sindano, fundi wa majokofu, alipinga. "Mama, umri huu wenzako wanapumzika."

"Nitapumzika nikiugua," Bibi alimjibu. "Sasa hivi ni mzima, na nina shughuli zangu."

Darasa lilikuwa na watu tisa. Kulikuwa na dereva wa lori, mshonaji wa mapazia, na mlinzi mmoja aliyekuja na sare yake kwa sababu zamu ilimsubiri. Mwalimu wao alikuwa fundi wa mabango, mtu mpole mwenye kucha zilizoshika rangi isiyotoka hata kwa msasa. Jumamosi hiyo alibandika ukutani duara kubwa la rangi.

"Rangi za msingi ni tatu," alisema. "Nyekundu, manjano na buluu. Manjano na buluu huzaa kijani. Nyekundu na manjano huzaa rangi ya chungwa. Buluu na nyekundu huzaa zambarau. Sasa niambieni, mkabala na manjano, upande wa pili wa duara, kuna nini?"

"Zambarau," alisema Bibi kabla wengine hawajainua vichwa.

"Vizuri. Rangi zinazokabiliana zikikaa jirani, kila moja huing'arisha nyingine. Ukizikoroga pamoja, unapata tope."

"Kumbe ni kama mawifi," Bibi alisema. "Waketishe huyu huku na yule kule, sebule inapendeza. Watie jiko moja, hakuliki kitu."

Ukumbi mzima ulicheka. Sindano peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama turubai ya Bibi, kile kitambaa cha kuchorea kilichowambwa kwenye fremu. Bibi alikuwa amechora uani kwao: ukuta wa manjano, kiti cha mbao, na kivuli cha kiti hicho wakati wa jua la saa kumi. Kivuli chenyewe alikuwa amekipaka zambarau.

Wakati huohuo mlango ulifunguliwa, akaingia kiranja wa darasa la Sindano shuleni. Alikuja kumchukua mjomba wake, yule dereva wa lori. Kiranja alisimama nyuma ya Bibi, akaangalia turubai, kisha akamwangalia Sindano na kubana kicheko kwa kiganja.

Jumatatu, kabla kengele ya kwanza haijalia, darasa zima lilikuwa na habari. "Kwao Sindano jua linatoa vivuli vya zambarau," kiranja alitangaza. "Tusubiri mvua ya kijani." Kufikia saa nne watoto walikuwa wanaruka kivuli cha Sindano uwanjani wakijifanya kuogopa kupakwa rangi. 

Jumatano alipotoka shule alikuta nyumba tupu. Mama yake, ambaye ni muuguzi, alikuwa zamu. Baba alikuwa kazini. Bibi alikwenda kumwona jirani aliyejifungua. Turubai ilikuwa imeegemezwa ukutani chumbani kwa Bibi, ikisubiri maonyesho ya Jumamosi. Rangi za mafuta hazikauki upesi, na ilikuwa bado mbichi.

Sindano alisimama mbele yake mikono kiunoni. Kila mtu anajua kivuli ni cheusi, alijiambia. Nitamsaidia tu, asichekwe. Lakini moyoni alijua ni nani hasa hakutaka achekwe. Akafungua tyubu ya rangi nyeusi, akachovya brashi.

Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Halafu brashi ikagusa ukuta wa manjano uliokuwa mbichi, na pale nyeusi ilipochanganyika na manjano pakatokea kijani, kijani cha maji ya mtaro. Sindano alishtuka. Akajaribu kuifuta, kijani kikatambaa hadi kwenye miguu ya kiti. Akakumbuka nyekundu iko mkabala na kijani kwenye duara, akapaka nyekundu ili aiue. Aliiua kweli. Sasa akawa na tope, doa kubwa la kahawia lililofunika nusu ya ukuta.

Alisafisha brashi kwa tapentaini, akakirudisha kila kitu mahali pake, akakaa sebuleni na daftari la hisabati lililofunguliwa kichwa chini.

Bibi alirudi magharibi ikikaribia. Aliingia chumbani. Kisha akaita, "Sindano, njoo." Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alifumba jicho moja, akafumbua, akafumba la pili. "Wewe ulikuwepo Jumamosi. Kivuli hiki nilikipaka zambarau, au nilikuwa ninaota?"

Hapo ndipo palikuwa pahali pa kusema. Sindano alipaona kabisa, kama mtu anavyoona kituo chake cha basi kikipita dirishani. "Sikuangalia vizuri, Bibi," akasema.

Baba alipoingia aliitazama turubai, akakuna kichwa. "Mama, mimi naona tope. Nilikwambia macho yako hayajapona sawasawa. Huenda yale mambo yanarudi."

Sindano alisubiri Bibi amjibu. Bibi hakuwahi kumwachia Baba neno la mwisho, hata kuhusu chumvi. Safari hii alisema tu, "Huenda. Na mwalimu ni mtu mpole, labda aliliona tope hili Jumamosi, hakutaka kuniumiza."

Kesho yake Sindano alimkuta akikusanya tyubu moja moja na kuzitia katika mfuko. Turubai ilikuwa imegeuzwa, uso ukutani. "Hizi nitampelekea mshonaji wa mapazia," Bibi alisema. "Yeye macho yake bado mazima." Kisha akakaa mlangoni, mikono mapajani, akitazama uani kama mtu anayeangalia kitu anachotaka kukikariri kabla hakijachukuliwa.

Sindano alikuwa amepata alichokitaka. Hakutakuwa tena na mfuko wa kubeba wala kiranja wa kumcheka.  Badala ya kufurahi, alizunguka nyumba mara mbili, akachota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji, kisha akaja kusimama mbele ya Bibi.

"Macho yako ni mazima," alisema. "Ni mimi. Nilipaka nyeusi jana, ikawa kijani, nikapaka nyekundu, ikawa hivyo. Kilikuwa zambarau, Bibi. Nilikiona."

Alisubiri kofi, au kilio. Bibi alimtazama.

"Kwa hiyo ninaona," alisema taratibu.

"Unaona, Bibi."

"Usiku kucha nimefumba jicho hili na kufumbua lile. Nimehesabu nondo za dirisha mpaka alfajiri, nikidhani giza linanirudia." Akafuta uso kwa upindo wa khanga, na alipouinua tena, hasira ilikuwa imefika. "Na wewe ulikuwa chumba cha pili ukikoroma."

 Machozi yalimtoka Sindano, lakini pamoja nayo ukatoka na ule ukaidi wake. "Lakini kwa nini upake zambarau, Bibi? Kila mtu anajua kivuli ni cheusi. Wananicheka shule nzima."

"Kila mtu anajua," Bibi alirudia. Akasimama. "Vua kiatu chako kimoja."

Vilikuwa viatu vya shule, vyeusi, vimepakwa dawa asubuhi hiyo. Ilikuwa saa kumi na jua lilipiga ukuta wa uani. Bibi alitoa kile kiti cha mbao, akakiweka mahali pake, kivuli kikalala ukutani. Akamwambia Sindano ashikilie kiatu katikati ya kivuli.

"Kiatu ni rangi gani?"

"Nyeusi."

"Na kivuli?"

"Nyeusi," Sindano alisema, kwa ubishi tu.

"Umesema unachokijua. Sijakuuliza unachokijua. Nimekuuliza unachokiona."

Sindano alitazama tena. Alitaka sana kiwe cheusi. Lakini kando ya kiatu kile kivuli hakikuwa cheusi hata kidogo. Kilikuwa laini, chenye ubuluu ndani yake, na kadiri alivyokitazama manjano ya ukuta ikazidi kuwaka pembeni, na kivuli kikazidi kuvuta kuelekea zambarau. Alishusha mkono.

"Kipo," alisema kwa sauti ndogo.

"Kipo, tangu siku ukuta ulipojengwa. Nenda kalete kisu cha rangi."

Walikwangua tope lote lile, Bibi akishika turubai na Sindano akikwangua, mpaka kitambaa kikabaki na weupe wenye madoa. Kazi ya kukwangua ilimchosha mkono kuliko kufua. Bibi alipaka ukuta upya, na Sindano alichanganya buluu na nyekundu kwenye ubao, tone kwa tone. Mara ya kwanza ilitoka nyekundu mno, mara ya pili ikawa nzito kama wino. Bibi hakumsaidia. Mara ya nne ndiyo aliitikia kwa kichwa. Baba aliporudi jioni, Sindano alimweleza mwenyewe, amesimama, bila kuruka kipande. Baba alimgeukia Bibi na kumwomba radhi kwa maneno aliyoyasema kuhusu macho yake. Kisha akamwambia Sindano kuwa mwezi mzima atafua shuka za nyumba nzima kwa mkono, na Bibi ndiye atakayekagua kama zimetakata.

Jumamosi ukumbi ulijaa, na safari hii hata Baba alikuja. Mkutubi wa maktaba, aliyekuwa akipanga picha, aliangalia turubai ya Bibi na kuuliza kwa adabu kama haingekuwa bora kuipunguza ile zambarau kidogo kwa kijivu, watu wasishangae. Au iwekwe kule nyuma ya kabati.

"Mwanangu," Bibi alimwambia, "nimepaka hiki kivuli mara mbili. Mara ya tatu sipaki. Kama ukuta umejaa, nitasimama mlangoni nimeishika kwa mikono yangu mpaka mfunge."

Fundi wa mabango alicheka chini chini, akatoa msumari mfukoni na kuugongomelea ukutani mkabala na mlango wa kuingilia, akaitundika turubai hapo, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kupita bila kuiona.

Kiranja alifika na mjomba wake. "Bado ni zambarau tu," alisema.

"Bado," Sindano alisema. Hakurudi nyuma. "Bibi yangu ndiye kaipaka, na rangi nimechanganya mimi. Ukishuka chini tazama ukuta wa maktaba, ule wenye jua. Tazama vizuri, halafu urudi unicheke."

Kiranja aligeuka, akashuka ngazi. Baada ya muda Sindano alimwona kupitia dirishani, amesimama nje peke yake mbele ya ukuta, ameinamisha kichwa upande.

Walirudi nyumbani watatu, Baba amebeba mfuko wa rangi na Bibi akitembea mbele. Walipofika kwenye kona ya fundi viatu, Bibi alisimama kupumua.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Turubai uliyoiharibu tumeitengeneza kwa kisu na jioni moja. Hilo nilikusamehe siku ileile. Lakini pale uliposema hukuangalia vizuri, ulinifanya nisiyaamini macho yangu mwenyewe. Ndivyo uongo ulivyo: unayemdanganya huanza kujitilia shaka yeye, na wewe ndiye mwenye kosa. Na ulidanganya kwa sababu uliogopa kicheko. Kicheko hakiui. Mimi nimechekwa tangu nilipoolewa na mwanamume mfupi."

"Mama," alisema Baba.

"Alikuwa mfupi, usibishe. Ukiona kitu kwa macho yako, kiseme kilivyo, hata kama darasa zima linaona vingine. Na ukikosea, sema vilevile, kwa sauti ileile. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Basi mchukulie baba yako mfuko. Anaushika kama jokofu."

Sindano aliuchukua mfuko. Aliuning'iniza begani, brashi zikichomoza wazi kila mtu azione, akapita nao mbele ya maduka yote.