Sajini Ndani ya Gambuti

Kila jioni baada ya shule, Dinah aliketi na mama yake Peris chini ya banda la tumbaku, wakafunga majani. Unachukua jani, unalifunga kwa kamba ya katani kwenye kijiti, moja upande huu, moja upande ule, mpaka kijiti kijae. Halafu baba anakipandisha juu bandani, majani yakauke polepole hadi yawe ya kahawia. Utomvu wake ulinata mikononi, mweusi ti, na hata majivu hayakuutoa. Pale Malakisi watoto wengi walifika shuleni na mikono ya namna hiyo, na mwalimu alishazoea.

Lakini wiki hiyo, nani alikuwa na hamu ya kuongea habari za majani? Habari ilikuwa moja tu: paka!

Na paka mwenyewe ungemwona! Dume mkubwa wa rangi ya moshi, sikio moja limechanika, kichwa kinene kama ngumi ya mhunzi. Hakuwa na mwenyewe. Siku moja tu alitokea upande wa madukani, akaingia bandani akiangalia huku na huku kama askari anayekagua kambi. Dinah alicheka, akamwita Sajini, na jina likakaa. Kabla hajaja, panya walitafuna zile kamba za katani mpaka vijiti vizima vikaanguka chini. Sajini alipofika, panya walihama bila kuaga.

Shida ni kwamba Sajini alikuwa dume kamili, na paka dume ana mambo yake. Usiku alipigana na madume wenzake juu ya paa, akilia kama mtoto mwenye tumbo. Mchana aligeuza mgongo, akainua mkia, akanyunyizia mkojo kila nguzo ya banda, ili wenzake wajue hapo ni kwake. Na ule mkojo! Ukiunusa mara moja, unaukumbuka hadi Krismasi.

Basi siku ya kuuza tumbaku, mnunuzi aliinama, akanusa robota la Absalom, baba yake Dinah. Alirudisha pua haraka sana.

"Mzee Absalom, hii ni tumbaku ama ni choo cha paka?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Robota likarudishwa kwenye mkokoteni, na Absalom akaendesha ng'ombe wake hadi nyumbani. Aliposhuka ndipo aliposema.

"Jumamosi huyo paka anaingia guniani, na gunia linaingia mtoni."

"Hapana, baba," Dinah alisema.

Mama yake aliacha kufunga majani. Hata kuku, ungedhani, waliacha kudonoa.

"Umesema nini?"

"Nimesema hapana, baba. Huyo paka anafanya kazi hapa. Kama anakojoa vibaya, tumtafutie dawa. Tusimuue."

"Dinah, funga majani," mama alinong'ona, huku akimfinya.

"Nafunga, mama. Lakini hapana."

Kesho yake, senge Lenah, dada yake Absalom, alishuka kutoka kwenye lori la mahindi. Alikuwa yaya kwa mzungu mmoja mwenye shamba karibu na Kitale. Kabla hajamaliza kunywa maji, Dinah alishamwambia kila kitu, robota, gunia, mto na yote.

"Ati hilo tu?" senge aliuliza. "Si hata memsahibu wangu alikuwa na dume kama huyo! Alimpeleka kwa daktari wa wanyama wa pale Kitale, akahasiwa. Kwisha maneno! Hazai, hapigani, hanyunyizi. Analala kama mtu aliyemaliza kulipa kodi."

"Na panya, senge?"

"Anakamata kuliko zamani. Si hana tena safari za usiku?"

Dinah aliruka juu. "Ni bei gani?"

"Usiulize, mtoto wangu. Pesa hizo unanunua mbuzi, na mbuzi mwenyewe mnono."

Absalom, aliyekuwa akisikiliza kando, alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Mbuzi mzima kwa paka asiye na mwenyewe! Gunia ni la bure."

Usiku ule Dinah alifikiri mpaka usingizi ukamkimbia. Jumamosi hiyo hiyo, pale kwenye josho la ng'ombe, palikuwa na siku ya kuhasi. Hiram Ngari, mtu wa idara ya mifugo aliyetoka Kitale, angekuja na vyombo vyake. Kila mkulima angeleta madume wachanga wafanywe maksai wa kulima, na hakuna aliyetozwa kitu. Sasa mtu anayehasi ng'ombe mzima atashindwa na paka?

Jumamosi asubuhi baba alitangulia na dume lake. Gunia alikuwa ameliacha mlangoni. Dinah alilichukua gunia lile lile, akatupa ndani kichwa cha samaki, na Sajini akaingia mwenyewe. Mkono mmoja ukabeba gunia, mwingine kikapu cha mayai ya kuku wake. Kwenye njia panda ya mtoni hakugeuka hata kutazama. Alinyoosha moja kwa moja hadi joshoni.

Weee, kelele zilizompokea!

"Tazameni!" alipaaza sauti Barasa, mvulana wa darasa lake. "Dinah ameleta dume lake kulima! Mleteeni nira!"

"Nira utavaa wewe, Barasa," Dinah alijibu bila kusimama. "Shingo unayo."

Mzee Wekoye, jirani yao, alitikisa kichwa. "Binti yangu, paka akihasiwa hakamati panya tena. Atakaa jikoni anaota moto kama mgeni anayengoja chai."

"Mzee Wekoye, wale maksai wako wawili, si walihasiwa hapa hapa?"

"Hapa hapa."

"Na wao wanaota moto jikoni?"

Wanaume walipasuka kwa kicheko, na safari hii hakuchekwa Dinah.

"Huyu mtoto ana mdomo!" Wekoye alisema.

"Mdomo ni wangu, mzee, lakini maksai ni wako."

Hiram Ngari aliyasikia yote huku akinawa mikono kwenye karai. Alifungua gunia kidogo, akachungulia, akalifunga haraka. "Mnyama huyu ni wa nani?"

"Hana mwenyewe, bwana."

"Basi siwezi. Mnyama nikimkata lazima awe na mtu wa kujibu. Kidonda kikioza nani atamtunza? Na kesho mtu akija hapa na rungu ati nimeharibu dume lake, nimwambie nini?" Akainua sauti. "Paka huyu ni wa nani hapa?"

Watu wale wale waliomrushia Sajini mawe kila siku walianza kutazama mawingu.

"Ni wangu," Dinah alisema.

"Wewe ni mtoto."

"Ni mtoto, bwana, na paka ni wangu. Akiugua nitamtunza. Akikojolea tumbaku tena nitajibu mimi."

"Mtoto hana mifugo. Baba yako yuko wapi?"

Vichwa vyote viligeuka. Absalom alikuwa kwenye uzio, ameshika kamba ya dume lake. Dinah alijua kwamba mbele ya baba, na mbele ya wazee wote wale, macho ya msichana yanatakiwa kutazama chini. Macho yake hayakutazama chini. Baba akisema neno moja tu, gunia litarudi njia ya mtoni. Alisimama pale pale akimwangalia.

Absalom alikohoa. "Bwana Ngari, mimi bado sijamkubali huyo paka."

"Basi nimrudishe?"

"Ngoja, sijamaliza!" Absalom alifoka. "Paka sijamkubali. Lakini mtu wa nyumba yangu hawezi kusimama peke yake mbele ya watu mimi nikiwa hapa. Paka ni wa boma langu. Mhasi."

Ngari alitabasamu. "Kazi ni bure. Ila dawa niliyopewa ni ya ng'ombe. Hii chupa ndogo ya usingizi niliinunua mwenyewe."

Dinah alisukuma kikapu mbele. "Nimeleta mayai."

"Mayai kwa paka! Haya, tumepatana."

Mnajua Ngari alifanya nini? Alivua gambuti lake! Akabaki na soksi iliyotoboka kidole gumba, na hakuona haya. Alitia pamba yenye dawa kwenye ncha ya gambuti, akamshika Sajini shingoni na kumwingiza kichwa kwanza, mpaka nje ikabaki miguu ya nyuma na mkia tu.

"Paka akiwa mahali penye giza na pa kubana, anatulia," alieleza, huku akinyonya mkwaruzo aliopata. "Na ninyi wavulana, msijaribu hii nyumbani. Mimi nimesomea. Asiyesomea atamuua."

Sajini alilegea. Wembe uliochemshwa, iodini, kwisha. Ngari alimvuta nje haraka apate hewa. Ng'ombe wa Absalom alipiga kelele zaidi, na yeye alikuwa amebanwa tu kwa koleo.

"Alale mahali pakavu na safi," Ngari alimwambia Dinah. "Angalia kidonda kila siku. Na usitegemee harufu iishe leo. Mwili unasahau polepole. Mpe mwezi mzima, na asikanyage bandani."

Mwezi huo ulikuwa mrefu! Sajini alilala jikoni akiwa amenuna. Dinah alichemsha maji, akachanganya na majivu, akasugua nguzo za banda moja baada ya nyingine, jioni baada ya jioni, wakati wenzake wakicheza. Mikono iliuma.

"Bado ananuka!" Wekoye alipiga kelele kila alipopita.

"Mwezi bado, mzee!" Dinah alimrudishia, na kuendelea kusugua.

Halafu asubuhi moja mama Peris alisimama bandani, akavuta hewa, akavuta tena. "Dinah," aliita, "njoo unuse. Hakuna kitu!" Na kweli, palikuwa na harufu ya tumbaku tu. Sajini aliruhusiwa kurudi kazini. Usiku huo huo alikamata panya wawili, akawapanga mlangoni, kisha akalala. Juu ya paa palikuwa kimya.

Siku ya kuuza ilipofika, mnunuzi alisogeza pua taratibu kwa robota la Absalom, kama mtu anayesogelea nyuki. Akanusa. Akanusa mara ya pili, karibu zaidi. "Mzee, hii ni ya daraja la kwanza," alisema. "Pima!"

Safari hii Dinah alikuwa amefuatana na baba, na njiani kurudi mkokoteni ulikuwa mtupu. Absalom alitembea kando ya maksai wake, akasema, "Dinah, nilikosea kuhusu paka."

Dinah hakuamini masikio yake.

"Lakini usifikiri ni kelele zako zilizomwokoa. Wenye kelele ni wengi. Wewe ulisema hapana, halafu ukaleta mayai yako, ukajibu mbele ya watu, ukasugua nguzo mwezi mzima. Ukikataa jambo baya, uwe tayari kuibeba kazi ya lile jema. Kama huwezi kuibeba, nyamaza."

"Sitanyamaza, baba."

"Najua," alisema Absalom, akampa kamba ya maksai aongoze.