Si Hewa ya Mwezini

Kasian na mkewe Aneth wanalima maharage, mahindi na mihogo huko Kitanga, wilayani Kasulu. Jioni, Kasian hupukuchua mahindi akisikiliza redio. Siku moja alisikia kwamba wataalamu wanatafuta njia ya kutoa oksijeni kwenye udongo wa mwezini. Habari haijaisha, betri zikafa. Kesho yake akawasimulia wenzake gulioni.

Maneno yakatembea. Baada ya wiki mbili yakamrudia yamegeuka: hewa hiyo imeshaletwa, inajaribiwa kwa watoto hospitalini. Kasian akaamini. Hakujua kwamba ni maneno yake mwenyewe, yametiwa chumvi.

Mwezi huohuo binti yao Editha, wa miaka miwili, alishikwa na kikohozi. Siku ya tatu akawa anapumua harakaharaka, mbavu zikibonyea ndani. Wakamkimbiza hospitalini. Muuguzi alisema ni nimonia. Alimpa dawa, akasema mtoto anahitaji pia oksijeni, tena sasa hivi. Akasogeza mashine.

Kasian akasimama kati ya mashine na kitanda.

"Hiyo hewa inatoka wapi?"

Muuguzi akamwita Nurudini, fundi wa vifaa vya hospitali, aliyekuwa chumba cha pili. Kasian akamweleza yote aliyoyasikia. Nurudini hakucheka.

"Baba Editha, mwezini hakuna hewa ya kupumua," alisema. "Oksijeni ipo, ila imefungwa ndani ya udongo. Kuitoa, njia mojawapo ni kuuyeyusha udongo kwa moto mkali kuliko wa tanuru la matofali, kisha kupitisha umeme. Wataalamu wanajaribu hapahapa duniani, kwa udongo unaofanana na ule. Wakifaulu, itawafaa watakaokaa huko."

"Na hii?"

"Hii inavuta hewa ya chumba hiki, tunayopumua wote. Inaichuja, inabakiza oksijeni."

Akaiwasha, akaushika mkono wa Kasian na kuuweka nyuma ya mashine. Kasian akahisi hewa ikivutwa. Bado hakusogea.

"Midomo ya mtoto inabadilika rangi," Aneth alisema. "Mimi nimekubali. Sogea."

Akasogea.

Kifaa kidogo kidoleni mwa Editha kilionyesha themanini na mbili. Muuguzi alieleza kwamba hicho ndicho kipimo cha oksijeni kwenye damu, na kwamba kiko chini mno. Kasian alikaa akiikodolea macho namba hiyo kana kwamba ingemdanganya. Ikapanda taratibu hadi tisini na tano. Siku ya nne Editha akadai uji.

Walipoondoka, muuguzi aliwaambia kwamba mtoto akipumua haraka au mbavu zikibonyea, aletwe siku hiyohiyo.

Kasian akayapeleka maneno hayo kwa jirani yake Stanislaus, ambaye mwanawe alikuwa akikohoa. Akamweleza pia habari ya mashine. Stanislaus alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Wamekupa nini hata useme hivyo?"

Kasian alinyoosha kidole uani, Editha alipokuwa akikimbiza kuku. Stanislaus alimtazama mtoto, kisha akaenda kutoa baiskeli ampeleke mwanawe hospitalini.