Kigoda Kilichokatwa

Kicheko kilisikika mahali ambapo hapakuwa na cha kuchekesha. Kwenye filamu waliyokuwa wakiitazama pale studio, seremala ndio kwanza anachukua ubao, hajampiga mtu, hajajikwaa, na tayari mtu kacheka. Mtu mmoja tu, kwa sauti nzito ya kohoni.

"Masikio, hicho kicheko umekiweka wewe?" Makasi aliuliza.

"Mimi tena?" Masikio, fundi wa sauti, alivua vifaa vyake masikioni. "Dada, hawa wachekeshaji walicheza kwenye ukumbi mtupu. Nimeisafisha sauti yote mwenyewe, hata chafya haimo."

"Basi nani anacheka?"

"Labda ni bosi. Keshaona mauzo."

Wakacheka wote watatu, hata bosi mwenyewe, Tajiri, aliyekaa mbele yao akitafuna karanga. Wangejua, wasingecheka.

Makasi si jina alilopewa na wazazi. Walimwita hivyo kazini kwa sababu kazi yake ilikuwa kukata na kuunga filamu, na mkono wake haukuwa na huruma. Filamu yenyewe ilikuwa ya vichekesho vifupi vifupi, ya zamani sana, ambayo ilipotoka watu waliizomea, kisha miaka ikapita na wajukuu wa wale wale waliozomea wakawa wanaitafuta kwa udi na uvumba, wanaikariri neno kwa neno, wanaibiana kanda mbovu zenye chenga. Sasa Tajiri alikuwa ameitia kwenye diski, safi, watu wakaitazame majumbani kwao. Makasi aliikubali kazi ile kwa sababu moja. Mchekeshaji wa mwisho aliyebaki hai katika kundi lile alikuwa baba yake, Kidevu, na Kidevu alikuwa amepooza upande mzima wa kushoto. Mkono, mguu, nusu ya uso, vyote vilikuwa vimelala. Makasi alitaka mzee asikie watu wakimchekea kabla hajafumba macho. Basi.

Kosa lilianza kwa Tajiri. Picha ya zamani ilikuwa ya mraba, na televisheni za leo ni pana. "Ukiiacha hivyo, pembeni panabaki giza," alisema. "Mteja ataniambia nimemuuzia kitu kibovu. Jaza kioo!" Kujaza kioo maana yake ni kuikuza picha, ukiikuza inakatika juu na chini. Juu hapakuwa na kitu. Chini, mbele kabisa, katika kila kichekesho palikuwa na kigoda kitupu, na wachekeshaji kabla ya kuanza walikiinamia, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Makasi alidhani ni takataka iliyosahaulika. Kigoda akakikata. Na kule kuinama, kwa kuwa kulichelewesha mchezo, nako akakukata.

Asubuhi ile alimwekea baba yake diski huku akimpaka povu amnyoe. Mzee alitazama kidogo, kisha mkono wake mzima ukamshika binti yake kwa nguvu.

"Kigoda kiko wapi?"

"Nimekikata, baba. Kilikuwa kinaharibu picha."

"Kirudishe."

"Baba yangu jamani! Katoni za diski ziko madukani tangu jana."

"Kirudishe, mwanangu! Hutajua anakaa wapi!"

Simu ikalia, Tajiri anawaita studio washerehekee. Makasi akaona mzee anaweweseka. Akauacha wembe kwenye bakuli la maji, akaiacha televisheni ikijirudia peke yake, akambusu utosini. "Nikirudi nitakumalizia," alisema.

Sasa pale studio seremala wa kwenye kioo alijitwika ubao begani, akageuka, ukampiga tajiri yake kichwani. "Samahani, bosi!" Kicheko kile kikasikika tena, na safari hii hakikutoka kwenye spika. Kilitoka sakafuni, mbele ya kioo, na pakanuka vumbi la pazia lililolowa.

Masikio alisimama. Alikwenda kwenye rafu, akaung'oa ubao mmoja kwa mikono mitupu, misumari ikalia, makopo yakamwagika.

"We, vipi?" Tajiri aliuliza, karanga mdomoni.

Masikio akageuka na ubao. Ulimpata Tajiri juu ya sikio. "Samahani, bosi!" alisema Masikio, kwa sauti ile ile ya seremala, machozi yakimtiririka, maana macho yake yalikuwa yake bado. Akageuka tena. Misumari ilikuwa upande wa pili. Makasi aliurukia ule mkono akatupwa ukutani, na ubao ukashuka, na "Samahani, bosi!", na ukashuka, mpaka kichwa cha Tajiri hakikuwa na umbo na karanga zilikuwa nyekundu.

"Dada, nizuie," Masikio alinong'ona. "Si mimi. Wallahi si mimi."

Makasi aling'oa waya wa umeme ukutani. Picha haikuzimika. Kikaingia kichekesho cha pili, cha mgonjwa anayechoka kumsubiri daktari wa meno akajing'oa jino mwenyewe, na Masikio akapiga magoti mbele ya sanduku la vifaa, akachukua koleo, akaachama. Makasi alimng'ang'ania kiwiko kwa mikono miwili. Lilitoka la kwanza pamoja na nyama yake, kicheko kikapasuka pale sakafuni, likatoka la pili, na yule kijana aliyekuwa akimtania punde tu akawa anamwangalia juu ya koleo kama mtoto anayeomba kubebwa. Ndipo Makasi akakumbuka kichekesho cha mwisho ni kipi.

Kilikuwa cha kinyozi.

Alikimbia, na njia nzima, akigongana na watu na mikokoteni, akipiga kelele wampishe, aliliona lile povu kwenye mashavu ya baba yake na ule wembe kwenye bakuli, akajitukana kwa kuiacha televisheni, akajitukana kwa kigoda, akamwomba Mungu diski iwe imekwama, na alipofika mlangoni akasikia ndani sauti ya baba yake ya ujanani, kutoka kwenye kioo, ikisema ile kauli ambayo nchi nzima iliikariri: "Kidogo tu, kinyozi, kidogo tu!"

Mzee alikuwa kitini, povu limemkaukia. Makasi aliunyoosha mkono azime televisheni. Mkono ukaipita. Ukaingia kwenye bakuli, ukatoka na wembe.

"Baba," alisema. "Baba, mkono si wangu."

"Najua, mama. Usishindane naye, atakuvunja."

Wembe ulitua kwenye kile kidevu kirefu kilichompa mzee jina. Ukakata. Damu ikashuka kwenye povu, na kicheko kikasikika miguuni pao.

"Ukumbi ule tuliochezea ulikuwa na mwenyewe, asiyeonekana," mzee alisema haraka, kwa ile nusu ya mdomo. "Siku ya kwanza alituvunjia mwenzetu shingo. Tukampa kiti, tukamwinamia, akawa mtazamaji. Hataki nyumba za watu. Anataka pa kukaa tu."

"Nitamletea kigoda! Nitamletea viti vyote!" Wembe ulikuwa ukishuka kuelekea kooni, na yeye akiuvuta kwa mkono mwingine, vidole vyake mwenyewe vikichanika. "Baba, niambie nifanye nini!"

"Wewe umemnyanyua kitini. Kwako hatakaa." Mzee alimtazama sana binti yake, macho yakalainika. "Ulitaka wanichekee. Nimekuelewa. Ahsante."

Kisha akainama, kadiri alivyoweza, kwa taratibu ile ile ya kwenye filamu, akalipiga paja lake la kushoto kwa mkono wake wa kulia.

"Karibu, mkubwa. Nusu hii haina mtu. Kaa."

Televisheni ikazimika. Harufu ya pazia ikatoweka. Wembe ukaanguka sakafuni, na Makasi akauona mkono wake umekuwa wake, akamkumbatia baba yake akilia kwa sauti, akimwita baba, baba, akilibana lile jeraha kwa kanga yake. Mzee alikuwa anapumua. Alikuwa hai. Makasi akahisi mkono ukimpapasa mgongoni, kwa upole, kumbembeleza, na akashukuru sana, mpaka alipogundua kwamba mkono wa kulia wa baba yake ulikuwa umekishika kiganja chake.

Akainua uso.

Upande wa kulia, mzee alikuwa analia. Upande wa kushoto, ule uliolala miaka yote, ulikuwa unacheka, na mkono wa kushoto ulishuka polepole hadi sakafuni, ukauokota wembe, ukaufuta povu kwenye suruali, ukamkabidhi binti.

"Mmalizie," ilisema nusu ya kushoto ya mdomo. "Kidogo tu."