Aliyechelewa Kumlilia Odongo

Ijumaa ya mwisho ya Julai 1989, posta ya Kisumu ilifurika watu hadi mlangoni. Wengine walitaka stempu, wengine simu za mbali, na wote walijipepea kwa chochote walichoshika, maana joto la mji ule halionei foleni huruma. Nicodemus Oketch alisimama mbele ya dirisha la simu, suruali nyeupe imepigwa pasi ikanyooka, koti la michezo la Winam Rovers limetupwa begani. Alitembea vizuri tu. Asiyemjua asingedhani kwamba mguu wake wa kulia ulikuwa na vyuma ndani.

Nyuma ya kioo alikaa msichana wa gauni la manjano, mabega yamejazwa sponji kama mtindo wa siku zile ulivyotaka, nywele za kalikiti, zilizokunjwa kwa dawa, zinameremeta. Siku nyingine alikuwa akikaa ndani, kwenye mitambo ya kuunganisha simu. Leo alikuwa dirishani kwa sababu mwenzake, Selpha, alikuwa ameenda kula.

"Nairobi tena?" akauliza.

"Umejuaje?"

"Mimi ndio huwa naunganisha. Kila Ijumaa, saa sita, namba ile ile ya daktari. Unamuuliza, mguu imepona? Anasema imepona. Unasema asante. Ijumaa ingine unamuuliza tena. Kwani jibu yake haikufurahishi?"

Nicodemus alicheka bila kutaka. "Kumbe nyinyi husikiliza simu za watu!"

"Tunacheki tu kama laini iko sawa."

"Na iko sawa?"

"Laini iko sawa. Wewe ndio sijui."

"Nikikununulia soda utaniambia nani alikufundisha hiyo mdomo?"

"Andika jina kwa hii karatasi kwanza, bwana. Watu wanangoja."

Akaandika. Msichana alilisoma jina lile mara mbili, na tabasamu likamtoka usoni taratibu. Kisha aliinuka, akaweka viganja kando ya mdomo na kupaza sauti juu ya vichwa vya watu wote: "Nairobi, chumba namba tatu!"

Nicodemus alisimama pale pale, asielekee chumbani. Sauti ile aliijua. Aliisikia kila mara alipokaribia goli, na mwenye sauti hiyo alikuwa amekufa.

Sitakuficha, msomaji, maana sipendi hadithi za kufichana. Msichana yule aliitwa Seline Apiyo, na katika nchi ile ya Wajaluo kila Apiyo ana pacha wake. Wa kwake alikuwa Odongo, kipa wa Awasi United. Desemba 1987, katika fainali ya kombe la mkoa, Odongo alitoka langoni akipiga kelele "Yangu!" na Nicodemus hakupunguza mbio. Walifika kwenye mpira pamoja. Mfupa wa Nicodemus ulivunjika chini ya goti, na goti lenyewe likampiga Odongo kichwani. Mpira uliingia wavuni. Lilikuwa bao pekee la siku ile, na picha yake ilibandikwa katika kila banda la kinyozi la Kisumu. Odongo alifariki siku ya tatu, hospitalini.

Mashabiki walikuwa wamempa Nicodemus jina la Sindano, kwa jinsi alivyopenya mabeki. Sasa mfupa ulikuwa umeunga, mazoezi aliyamaliza, mbio alikuwa nazo. Lakini kila alipobaki yeye na kipa, mguu ulirudi nyuma wenyewe na mpira ukaokotwa kama yai.

"Daktari amesema umepona," kocha Mbarak alimwambia jioni moja, kanzu yake imepandishwa magotini ili isiguse vumbi la uwanja. "Basi ni nini, mwanangu? Niambie mimi."

"Sijui, kocha."

"Unajua. Ila sikulazimishi. Viongozi wamenipa mwezi huu tu. Wanataka kukutoa kwenye timu."

Nicodemus alikuwa na miaka ishirini na minne, na hakujua kufanya jambo lingine lolote duniani kwa ufundi ule. Hilo ndilo lililomtisha kuliko mzimu wa sauti ile.

Soda ilinyweka. Baada ya soda ikaja Jumamosi ya kutembea ufukweni, na baada ya hiyo ikaja nyingine. Nicodemus alipomuuliza msichana jina la pili, alijibiwa, "Seline inatosha. Ama unataka kuniandikia barua ya serikali?" Akaacha hapo. Mjaluo mzima, ampende msichana bila kumuuliza jina la kwao! Mapenzi yalikuwa yamempumbaza, na pengine sehemu fulani ya moyo wake haikutaka kuuliza.

Siku za kazi simu ilikuwa ikilia katika ghala alikofanya kazi ya ukarani.

"Ghala?"

"Ni mimi. Umekula, jaherana, mpenzi wangu?"

"Nimekula chai. Na wewe si uko kazini?"

"Nacheki laini."

"Basi cheki polepole, mpenzi. Usiikate."

Walicheka wote wawili kama watoto, na wateja wa posta wakangoja.

Jumamosi ya tatu walikaa kwenye kibanda cha samaki, ziwa limetulia mbele yao, magugumaji yamejazana ukingoni. Seline alivaa blauzi nyekundu na herufi ya S ya dhahabu bandia shingoni. Mbuta wa kukaanga aliletwa na ugali. Nicodemus alinyoosha mkono kwenye kichwa cha samaki, na Seline, kwa utani tu, akakirukia.

"Yangu!"

Nicodemus aliurudisha mkono kama aliyeungua. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Niko?" Seline akamwita kwa jina lake la kifupi. "Ni nini?"

Nicodemus aligeukia ziwa. Kisha akasema, bila kumwangalia, "Kuna kijana alikufa kwa mguu yangu. Kipa. Nikikaribia goli namwona anakuja. Si damu, si kitu ya kuogopesha. Anakuja tu, mikono juu, anasema hivyo ulivyosema. Na siwezi kupiga."

Seline alikiweka kichwa cha samaki chini. "Huwa anakuangalia?"

"Anaangalia mpira. Mimi hata hanioni. Hiyo ndio inaniua."

Huo ndio wakati wa kusema, na Seline alijua. Alifungua mdomo. Lakini alimpenda mno, na aliogopa kwamba akilitaja jina lile, mwanamume huyu atainuka na kuondoka asirudi. Alimfuta jasho kwa leso yake na kumwambia ale, samaki asipoe.

Ijumaa iliyofuata Nicodemus alipiga simu posta kumtafuta. Alipokea Selpha, ambaye hana siri wala hajawahi kuwa nayo.

"Apiyo hayuko. Ameenda kwao Kisian, mama yake anaumwa presha."

"Namtaka Seline."

"Si ndio huyo Apiyo! Wewe umetoka naye mwezi mzima na hujui ni pacha? Maskini, yule ndugu yake ndio alikuwa kipa wa Awasi. Odongo. Haloo? Haloo, Niko?"

Simu ilining'inia kwenye waya wake ukutani mwa ghala.

Jioni, aliporudi posta, Seline alimpigia, na akajua kabla hajaambiwa, kwa jinsi alivyoitwa.

"Apiyo."

"Nani amekuambia?"

"Kwa hivyo ni ukweli. Ulikuwa unakuja kunichunguza. Kuona kama nalala vizuri."

"Mwanzo ndiyo. Nilitaka kujua ni mtu gani anaua ndugu yangu na haji hata matangani. Halafu nikakupenda. Hiyo sikupanga, Niko."

"Nilikuambia mambo yangu yote pale kwa samaki. Ukanyamaza!"

"Niliogopa."

"Mimi ndio naogopa. Nikikuangalia sasa nitamwona nani?"

Akakata. Seline alibaki ameshika simu isiyo na mtu, akalia kwa sauti mbele ya mitambo, na Selpha akazima taa zote za simu zilizokuwa zikiwakawaka zikitaka kuunganishwa.

Jumapili, dhidi ya Awasi, Nicodemus alibaki na kipa mara mbili na mara mbili mguu ukarudi. Watu walimzomea. Wengine walimrushia maganda ya miwa. Mbarak alimtoa kabla ya mapumziko na kumfunika koti begani.

"Jumapili ijayo tunacheza na timu ya Busia," alisema. "Ukiuvuta huo mguu tena, barua ya kukutoa nitaiandika mimi mwenyewe. Na nitalia nikiiandika."

Alhamisi, mazoezi yalipokwisha, Nicodemus alibaki peke yake akipiga mpira kwenye goli tupu. Kwenye goli tupu alikuwa Sindano yule yule. Alipoinua macho, mtu alikuwa amesimama nyuma ya wavu. Alikuwa Seline, bila rangi ya mdomo, bila hereni, kitambaa kichwani.

"Siku alizikwa ulikuwa wapi?" akauliza kutoka huko huko.

"Hospitali. Mguu umefungwa juu."

"Na baada ya hapo?"

"Viongozi wa timu walinikataza. Walisema watu wenu watanikata panga."

"Ukaamini?"

"Niliamini. Halafu mwezi ukaisha, mwaka ukaisha, aibu ikawa kubwa. Ningekuja kusema nini?"

"Hakuna mtu alitaka useme. Tulitaka ulie." Seline aliushika wavu kwa vidole. "Mama huuliza hata leo, yule kijana alikuja? Watu wote walikuja kulia Odongo, hata wale walikuwa Uganda. Umebaki wewe. Na wewe ndio ulimwona mwisho uwanjani. Sasa atakuacha aje?"

Nicodemus alisogea mpaka golini. Alitaka kumshika mkono, lakini wavu ulikuwa katikati yao.

"Jumamosi asubuhi," Seline akasema. "Nitakungoja Kisian, kwa barabara."

Katika boma la Kijaluo, aliyekosa mazishi hafungiwi mlango. Anaweza kuja hata baada ya miaka, ila haji kama mgeni. Hasalimu mtu, hapewi kiti wala maji, mpaka kwanza amlilie marehemu wake. Nicodemus aliyajua hayo tangu utotoni. Alikuwa ameyakimbia mwaka mzima na miezi minane.

Jumamosi alishuka Kisian saa tatu, mikono mitupu, shati jeupe. Seline alimwonyesha boma juu ya kilima, ua wa kijani na paa la mabati.

"Twende," Nicodemus akasema, akaanza kupanda.

"Unaenda wapi hivyo? Huingii ukitembea. Wote waliingia wakikimbia."

Aliutazama mguu wake, kisha mlima.

"Daktari alisema nini?" akauliza Seline, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sauti yake ilikuwa na utani kidogo.

Akakimbia. Mwanzoni alikimbia kwa aibu, kama anayefukuza basi. Kisha jina likamtoka kinywani. "Odongo! Odongo wuod Kisian, mwana wa Kisian! Odongo mlinda lango!" Watu walitoka mashambani wakasimama. Alipofika langoni mwa boma alikuwa akikimbia kwa nguvu zake zote, akipiga kelele, machozi na kamasi vimechanganyika, na alilizunguka kaburi lenye saruji mara moja, mara mbili, mara tatu, akimwita kipa asiyepitika, kipa wa mikono mirefu, mpaka miguu yote miwili ikamwisha na akaanguka kifudifudi kwenye udongo. Alilia kama hajawahi kulia tangu azaliwe.

Mama Dorca, mama yake Odongo, alitoka nyumbani ameshika fimbo. Naye alilia, kwa sauti nyembamba ya mtu aliyekwisha kulia sana. Walipotulia, alikaa chini kando yake.

"Umechelewa, nyathina, mwanangu."

"Nimechelewa, Mama."

"Lakini umekuja." Alimpangusa vumbi kwenye shavu. "Siku ya mwisho aliongea. Aliniuliza, Mama, ile mpira iliingia? Mimi sikuwa uwanjani. Nikamwambia uliidaka, mwanangu. Akalala. Tangu siku hiyo naogopa kuuliza watu, nisikie nilimdanganya mtoto wangu akienda."

Akamtazama machoni. "Wewe ulikuwa hapo. Iliingia?"

Seline alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Siku ile ya fainali alikuwa nyuma ya goli, na aliuona wavu ukitikisika.

Nicodemus alifikiri juu ya bao lile, bao bora kuliko yote aliyowahi kufunga, na picha zake katika mabanda ya vinyozi.

"Aliidaka, Mama," akasema. "Alinishinda."

Mama Dorca alifumba macho na kutikisa kichwa polepole, mara nyingi. Kisha akaita ndani waandae chai ya mgeni.

Jumapili uwanja ulijaa. Dakika ya sitini mpira ulipenya, na Nicodemus akabaki yeye na kipa wa Busia. Sitakudanganya kwamba Odongo hakuja. Alikuja, mikono juu, na sauti ile ile. Safari hii Nicodemus aliliita jina lake kwa moyo, na akapiga. Mguu haukurudi. Shuti lilikwenda kama zamani, na kipa wa Busia, kijana mrefu, akaruka na kuutoa mpira kwa ncha za vidole ukapita juu ya mwamba wa goli. Uwanja mzima uliguna. Mbarak peke yake alikaa kwenye benchi, akafunika uso kwa kofia yake, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Mechi iliisha sifuri kwa sifuri, watu wakarudi nyumbani wakinung'unika. Seline alikuwa langoni mwa uwanja kwa gauni la manjano.

"Umekosa," akamwambia.

"Nimekosa. Lakini umeona nilivyopiga?"

"Nimeona. Kocha amesema nini?"

"Jumapili ijayo nacheza, na ile ya baadaye. Seline... Apiyo. Nataka kukuja kwenu na wazee wangu. Kama Mama atakubali."

Seline alimtengeneza kola ya koti, akachukua muda wake kuimaliza.

"Nilishamuuliza," akasema. "Amekubali. Ila amesema safari hii mje mkitembea."