Feni Iliyoamka Maji Yakiwa Baridi

Asubuhi hiyo feni ilianza kuzunguka kabla maji hayajapata moto, na Marijani akajua kuna jambo.

Kazi yake aliijua. Alikuwa fundi wa reli Tabora miaka ishirini. Alipostaafu mwaka 1981 alihamia Karatu na mkewe Mwajabu, pamoja na rejeta na feni ya kichwa cha treni kilichokufa, akavifunga kwenye mashine yake ya kusaga. Watu walicheka: mashine ya mahindi kuvaa koti la treni! Lakini ilifanya kazi. Pampu husukuma maji ya moto kutoka kwenye injini hadi kwenye vijibomba vyembamba vya rejeta. Yakizidi moto feni hujiwasha, ikavuta upepo wa nje, maji yakarudi yamepoa. Maji yakiwa baridi, feni hulala. Haikuwahi kukosea, hata Mwajabu alipofariki na nyumba ikabaki na ngurumo ya mashine tu.

Sasa upepo wake ulinuka asumini, mafuta aliyokuwa akijipaka Mwajabu. Katikati ya ngurumo mtu akahema, kisha akasema taratibu kwa sauti ya Mwajabu, "Marijani, umekula?"

Mwenye akili angekimbia. Yeye akavuta kigoda, akajibu, "Bado."

Siku tatu aliwasha mashine hata pasipo mahindi, akakaa mbele ya yale mapanga ya feni akizungumza, na kila saa ilivyopita alihisi pumzi yake ikivutwa kuelekea kwenye chuma, kidogo kidogo, hata kifua kikambana na masikio yakavuma, naye hakusogea, kwa kuwa aliogopa ukimya kuliko kufa.

Siku ya nne jirani yake Antonia, Mwiraqw mwenyeji wa huko, alileta mahindi, akagoma kuingia.

"Fundi, maji ya mashine umechota wapi?" alinong'ona.

"Chemchemi ya juu, njia ya Buger. Huku kumekauka."

"Uliomba?"

"Nimwombe nani?"

"Pale pana mwenyewe, pepo wa maji. Sisi huomba kwanza, ndipo tukachota. Wewe umemfungia kwenye chuma, unamchemsha, unampoza. Atatoa sauti yoyote uipendayo. Mrudishe leo, maji yote. Yakibaki kidogo, atatafuta mwili."

"Ni mke wangu, mama."

"Mkeo tulimzika, fundi. Pole."

Marijani akazima mashine, akafungua koki ya chini. Wakapanda mlimani na madebe mawili ya maji hayo. Antonia akaomba radhi kwa Kiiraqw, maji yakamwagwa, na kwa mara ya kwanza siku hizo Marijani akavuta pumzi hadi mwisho.

Aliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Akaketi. Ukimya ukamwelemea hata akalia kwa sauti, mtu mzima. Kisha akainama mvunguni mwa kitanda, akatoa kikombe cha maji aliyokinga kwenye koki Antonia alipompa kisogo.

Akanywa yote.

"Sasa sitoki tena," alisema Mwajabu, kwa mdomo wa Marijani.