Mkunga Ajifunza Kuchomoa Mguu

Kila asubuhi Mama Pacha alifunga begi lake jeusi kwenye keria ya baiskeli. Alikuwa mkunga, na aliwatembelea wajawazito na waliojifungua nyumba kwa nyumba. Mvua iliponyesha, viatu vyake viliteleza kwenye pedali. Mara mbili pedali ilimchuna mguu mpaka damu.

Basi akanunua pedali zinazoshika kiatu, pamoja na viatu vyake maalumu. Kiatu cha namna hiyo kina kipande cha chuma chini ya soli. Ukikanyaga, chuma kinaingia kwenye pedali, ta, na mguu hautelezi tena. Dukani walimfungia pedali na kumtakia safari njema. Hakuna aliyemweleza namna ya kuutoa mguu.

Siku ya kwanza alipanda kilima kama anayesukumwa na upepo. Akafika njia panda, taa ikawa nyekundu. Akashika breki. Akavuta mguu juu. Haukutoka. Akavuta tena kwa nguvu zake zote. Baiskeli ikasimama, kisha ikaanza kulala taratibu upande wa katikati ya barabara. Akaanguka nayo, miguu yote miwili imeshikwa. Nyuma yake lori likapiga breki za ghafla. Alipogeuza uso, tairi lilikuwa karibu, angeweza kuligusa kwa mkono.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilitazamana na njia panda ile. Aliona yote. Alikuja mbio, futi kamba ikining'inia shingoni, akamvua viatu palepale chini. Walipofika kibandani akasema:

"Mama Pacha, hizo pedali zitoke leo. Wanangu wana mama mmoja tu."

Mkunga hakubishana. Aliomba jambo moja tu: kwanza wakamwone fundi baiskeli.

Fundi huyo alikuwa mwanamke aliyeitwa Spoku, kwa kuwa alikuwa mwembamba kama waya wa gurudumu. Aligeuza kiatu, akatikisa kile chuma. Kikacheza. Akasema skrubu zimelegea, kwa hiyo mguu unazunguka bure na pedali haiuachii. Akazikaza. Akalegeza na springi za pedali, maana zilikazwa kama za mtu wa mashindano.

"Ulivuta mguu juu?" aliuliza.

"Nilivuta juu."

"Usivute. Zungusha kisigino nje, mbali na baiskeli. Na utoe mguu mmoja mapema, baiskeli ikiwa bado inatembea. Ukisimama, egemea upande wa mguu huo."

"Na akisahau?" mume aliuliza.

"Ndiyo maana harudi barabarani leo, shemeji. Mguu uzoee kwanza."

Mama Pacha alianza mazoezi nyuma ya nyumba, ameshika ukuta. Ingiza, zungusha, toa. Kisha akahamia uwanja wenye nyasi. Alianguka mara moja, akainuka, akaendelea. Wiki nzima mumewe alisimama pembeni, amekunja mikono, hacheki.

Siku ya tisa alipigiwa simu. Mama mmoja alikuwa na uchungu wa mimba ya kwanza, na nyumba ilikuwa ng'ambo ya njia panda. Mvua ilikuwa inanyesha. Mumewe alimwona akipita mbele ya kibanda, akamfuata kwa macho huku cherehani ikiendelea kushona.

Ghafla, gari lililoegeshwa likafunguliwa mlango mbele yake. Mkunga hakupata muda wa kufikiri. Kisigino kilikwenda nje chenyewe. Akashika breki, mguu ukatua chini, baiskeli ikasimama shubiri moja kutoka kwenye mlango. Dereva alipoanza kuomba radhi, mkunga alikuwa ameshampita.

Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, wa kike, mwenye sauti kubwa.

Aliporudi kibandani, mumewe alikuwa bado ameketi kwenye cherehani.

"Niliuona ule mlango," alisema.

"Hata mimi niliuona."

Mume akamwonyesha shati la mteja. Macho yakiwa barabarani, alikuwa ameshona mkono wa shati ukaziba kabisa. Mama Pacha aliketi kando yake, akachukua wembe, na wote wawili wakaanza kufumua.